Safari ya Kutazama Tu

Mama alikubali kupanda ndege upesi kuliko alivyokubali kupanda treni. Ndege aliielewa. Ingempeleka kwa binti yake ambaye hakuwa amemwona kwa miaka, na kwa mjukuu aliyemjua kwa uso wa simu tu. Treni ndiyo ilimsumbua, kwa sababu haikuwa inampeleka kwa mtu yeyote.

Tumezaliwa wasichana wawili, mimi na mdogo wangu. Mimi nilibaki Machakos, nikaolewa mjini, na sasa nina duka la mbegu na dawa za mifugo. Mdogo wangu alikwenda Italia, akapata kazi ya kutunza wazee katika mji wa Genoa, akaolewa na dereva wa lori, wakapata mtoto mmoja, msichana, ambaye mwaka ule alikuwa ndiyo tu ameanza shule. Mama yuko Kola, kwenye shamba alilolima na Baba mpaka Baba alipofariki. Kwa muda mrefu mdogo wangu alimwomba aende akamtembelee, na kila mara Mama alikuwa na sababu: mara mvua, mara ng'ombe anayekaribia kuzaa, mara harambee ya kanisa. Mwaka ule sababu zilimwishia. Mvua ilinyesha vizuri, maharagwe yakaingia ghalani mapema, ng'ombe akazaa salama, na padri mwenyewe akamwambia aende akamwone mtoto wake. Tukaamua kwamba mimi na yeye tutasafiri mwezi wa Agosti.

Basi tukaanza kupanga. Kila Jumamosi mchana nilimwachia mume wangu duka nikaenda Kola. Juni na Julai kwetu ni miezi ya baridi. Ukungu hukaa vilimani mpaka adhuhuri, na Mama huvaa sweta mbili, moja juu ya nyingine. Tulikaa jikoni karibu na moto tukibambua mbaazi mbichi, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, na ndani ya simu alikuwa mdogo wangu, yuko kwenye joto lake, amevaa nguo isiyo na mikono. Mama hakuchoka kumwambia ajifunike.

Mambo ya pasipoti na viza niliyashughulikia mimi, na sina hamu ya kuyasimulia. Mdogo wangu alikuwa na fikira zake kwenye Jumapili moja tu. Alikuwa ameomba ruhusa kazini ili siku hiyo sote wanne, yeye, mtoto wake, Mama na mimi, mume wake akiwa safarini na lori, tupande treni asubuhi tuzunguke miji ya pwani. Alitueleza kwamba reli ya kule inafuata ukingo wa bahari, na miji midogo imeshikilia miamba. Unashuka mji mmoja, unatembea, unaoga baharini ukitaka, halafu unapanda treni inayofuata unakwenda mji wa pili. Alikuwa amechagua mitano. Akaitaja kama mtu anayetaja watoto wake: Camogli, Sestri Levante, Monterosso, Vernazza, Manarola.

Mama akaacha mbaazi. "Na huko ni nani anatungojea?"

"Hakuna mtu, Mwaitu," mdogo wangu akasema. Ndivyo tunavyomwita Mama kwa Kikamba. "Tunaenda kuona."

"Kuona nini?"

"Miji. Bahari."

"Kutazama tu?"

"Kutazama tu."

Mama akarudi kwenye mbaazi zake. Hakukataa, lakini niliona kwamba jambo lile halikuwa limemwingia. Katika maisha yake alikuwa ametembea sana kuliko watu wanavyodhani. Alikuwa amefika Kitui kwa arusi, Nairobi kwa hospitali, Muthetheni kwa matanga ya shangazi zake mmoja baada ya mwingine, na Mombasa mara moja na akina mama wa kanisa. Kila mahali hapo alikuta mtu mlangoni, akapokewa mzigo, akapewa maji ya kunawa. Kufunga safari ya kwenda mji ambao hakuna anayekujua, ukautazama, kisha ukarudi, kwake ilikuwa kama kuvaa nguo za kanisani ukaenda kusimama barabarani.

Majuma mawili yaliyofuata yalikuwa ya maswali. Aliuliza kama stesheni za kule zina vyoo. Aliuliza goti lake litafanya nini kwenye ngazi, na mdogo wangu akakiri kwamba miji mingine ile ni ngazi tupu. Aliuliza tutabeba zawadi gani. Akaambiwa hakuna wa kupewa zawadi. Mwishowe akasema yeye angebaki nyumbani siku hiyo apike, sisi twende, tukirudi tukute chakula. Alisema kwa upole kabisa. Mdogo wangu akajibu kwamba ni sawa, kisha akasema mtoto anamwita, simu ikakatika.

Jumatatu yake alinipigia nikiwa dukani. Nilikuwa nikimpimia mteja dawa ya kupe, nikamwomba angoje kidogo. Nilipomaliza nikatoka nje, nikasimama kando ya mlango. Mdogo wangu si mtu wa kulia, na hakulia. Alizungumza polepole tu.

"Kila kiangazi mimi hufanya kazi Jumapili," alisema. "Nikiwa stesheni asubuhi, nimevaa sare yangu, naona familia zinakwenda baharini. Nyanya yao wamemkalisha kwanza. Watoto wana ndoo za mchanga, na kuna mtu amebeba kikapu cha chakula. Nimewaangalia miaka yote hiyo. Nilikuwa najiambia, siku Mwaitu akija, na mimi nitabeba kikapu."

Nilimwambia aniachie jambo hilo, ingawa sikujua ningelifanyia nini.

Jumamosi nilifika Kola mapema, kabla ya saa yetu ya simu. Mama alikuwa akilisha kuku. Nikamweleza maneno ya mdogo wangu kama nilivyoyasikia, bila kuongeza langu. Alinisikiliza huku akitupa mahindi, na nilipomaliza akaendelea kutupa mpaka bakuli likaisha. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko. Alirudi na kuni, akawasha moto.

Simu ilipoita, hakungoja salamu zimalizike. Akainama karibu na kopo la sukari, akauliza, "Hao watu wa treni, kwenye kikapu hubeba nini?"

Mdogo wangu akaanza kueleza, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Alisema hubeba mkate wa kule, mpana, uliopakwa mafuta na chumvi. Hubeba nyanya, mayai, matunda, maji mengi. Wengine hubeba wali baridi uliochanganywa na vitu. Mama alisikiliza kwa makini, kisha akasema mayai na matunda ni sawa, lakini wali baridi hapana. Akasema yeye atapika chapati usiku wa kuamkia safari, jikoni mwa mdogo wangu, na chai itakuwa kwenye themosi hata kama kuna joto. Akauliza kama kule kuna unga wa maana. Tangu siku hiyo swali la nani anatungojea halikutajwa tena, na upangaji ukawa wake. Mimi na mdogo wangu tukawa wa kujibu tu.

Ni yeye pia aliyesema ni lazima kwanza tuonje treni ya hapa. Alikuwa hajawahi kupanda hata moja. Treni za zamani alizisikia tu zikilia mbali upande wa Konza alipokuwa msichana, na hii ya reli mpya ameiona juu ya nguzo zake akipita barabarani. Hakutaka kwenda kujifunzia kwa wageni. Kwa hiyo Alhamisi moja ya Julai tuliamka kukiwa bado giza, mume wangu akatupeleka stesheni ya Athi River, tukakata tiketi za kwenda Emali na kurudi siku hiyo hiyo.

Pale stesheni mizigo hupangwa chini kwa mstari ili mbwa wa askari apite akiinusa. Mama alikuwa amebeba kiondo chenye mayai ya kuchemsha na viazi vitamu. Mbwa alipofika hapo akasimama, akamtazama askari wake, akakitazama kiondo tena. Mama akamwambia askari kwamba kama mbwa hajala, yeye hana kinyongo kumpa yai moja. Askari alijitahidi asicheke, akashindwa. Tukapita.

Nilimpa Mama kiti cha dirishani. Treni ilipoanza kwenda alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kisha kwa mmoja, kisha akauacha. Tuliacha viwanda, tukaingia kwenye nyika. Aliona swala wamesimama kwenye nyasi kavu, akaona ng'ombe wa watu, akaona vilima upande wa kushoto vikigeuka polepole. Alivitazama kwa muda mrefu kabla ya kutambua kwamba ni vilima vya kwetu, anavyoviamkia kila siku, ila sasa alikuwa anaviona kutoka upande mwingine.

"Kumbe vina mgongo," alisema. Baadaye kidogo akasema tena, kwa sauti ya chini, kama aliyegundua jambo la jirani yake wa miaka mingi.

Emali hatukuwa na mtu. Hatukuwa na shughuli. Tulitembea sokoni, tukasimama kuwatazama Wamaasai na Wakamba wakibishana bei ya mbuzi, tukaingia hoteli ndogo tukala wali na maharagwe. Mama alipenda maharagwe yale, akamwita mpishi, wakazungumza kuhusu kitunguu. Alinunua vikombe viwili vya bati ambavyo hatukuvihitaji. Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi stesheni tukingoja treni ya kurudi, goti lake amelinyoosha mbele yake, alikuwa na uso ambao siuoni mara nyingi kwake siku ya kazi. Alisema mji mmoja unatosha. Miwili, kama karibu. Mitano ni kukimbizana.

Hivyo mpango wa mdogo wangu ukapunguzwa. Ilibaki Monterosso, kwa sababu ina ufuo mpana na ngazi chache, na Camogli wakati wa kurudi, kwa sababu jina lake Mama aliweza kulitamka. Alisema "Kamoli", na akashikilia kwamba linafanana na jina la kijiji cha upande wa Mwala. Mdogo wangu alikubali yote. Nadhani kufikia hapo hata tungemwambia tunakwenda stesheni tu kukaa, angekubali.

Tulifika Genoa kwenye joto ambalo Mama alisema ni la tanuri la matofali. Sitasimulia habari za uwanja wa ndege, wala jinsi mtoto alivyojificha nyuma ya mama yake kisha, kabla hatujafika kwenye gari, akawa ameshika kidole cha nyanya yake. Alimwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba, kama mdogo wangu alivyomfundisha. Kiswahili chake kilikuwa cha vipande na Kikamba hakijui, na Mama Kiitaliano hajui, lakini asubuhi moja niliwakuta jikoni wamekaa chini wakichambua mchele, kila mmoja anasema lugha yake.

Usiku wa kuamkia Jumapili Mama alipika chapati. Unga wa kule aliulalamikia mwanzoni, halafu akaupenda. Majirani wa ghorofa ya juu walichungulia kwenye ngazi kujua harufu ile ni ya nini. Asubuhi mdogo wangu alitoa kikapu kutoka juu ya kabati. Kilikuwa kipya, cha ukindu mweupe, chenye kitambaa cha mistari ndani. Nikafahamu kwamba hakukinunua kwa ajili ya wiki ile. Kilikuwa kimekaa pale miaka. Mama alikipanga mwenyewe: chapati chini zimefungwa kwenye leso, mayai, nyanya, pichi, themosi kando. Mdogo wangu alikibeba mpaka stesheni, na nilipotaka kumpokea hakunipa.

Treni ilijaa. Tulipata kiti kimoja tu, tukamkalisha Mama na mtoto mapajani, sisi tukasimama karibu. Kitu ambacho hakuna aliyekuwa ametuambia ni kwamba reli ile hutumia muda mwingi ndani ya milima. Bahari inatokea ghafla, buluu hadi mwisho wa macho, kisha handaki linaimeza, mnabaki gizani na kelele. Inatokea tena, inamezwa tena. Mtoto alikuwa akipaza sauti, "Mare!" kila ilipotokea, yaani bahari, na baada ya mara chache Mama naye akaanza kusema "Mare", bila kelele, kama anayeitikia sala. Watu waliosimama karibu wakatabasamu. Kijana mmoja akainuka akampa mdogo wangu kiti.

Monterosso tulishuka na umati wa watu, tukatoka kwenye umati huo polepole kwa sababu ya goti. Ufuo ulikuwa pale pale mbele ya stesheni. Tulipata mahali penye kivuli cha ukuta, tukatandika leso. Mama alivua viatu, akashika mkono wa mtoto, wakaenda mpaka maji yakamfika vifundoni. Alikaa hapo. Mdogo wangu aliingia baharini na nguo ya kuogelea, na Mama hakusema ajifunike.

Baada ya kula, Mama aligeuka akaupa ufuo mgongo, akatazama mlima. Mlima mzima ulikuwa umekatwa ngazi ngazi kwa kuta za mawe, na juu ya kila ngazi mizabibu. Alimwuliza mdogo wangu kama yale ni matuta. Akaambiwa ni matuta, ya miaka mingi mno, watu waliyajenga kwa mikono. Mama alinyoosha kidole, akifuata ukuta mmoja mpaka ulipobomoka, akasema pale maji yalipita. Ujana wake wote alichimba matuta Kola na kikundi cha akina mama, wakiimba, leo shamba la huyu, kesho la yule. Aliuliza kama na hawa waliimba. Mdogo wangu hakujua.

Alikuwa amekaa karibu nasi mama mmoja mzee wa kule na binti yake mtu mzima. Alikuwa akizitazama chapati zetu tangu tulipozifungua. Mama alimpelekea moja, mkononi, bila kumwuliza mtu. Yule mama akala, akamwita mdogo wangu amfasirie. Alikuwa mwenyeji wa mji ule, na alipoulizwa kuhusu kuimba alifikiri, akasema nyanya yake alikuwa akibeba mawe kichwani kupanda kule juu, na kwamba waliimba, ndiyo, lakini nyimbo za matusi. Mdogo wangu alifasiri kwa aibu kidogo. Mama akasema hata zao hazikuwa zote za kanisa. Wale wawili wakacheka pamoja, kabla mdogo wangu hajamaliza kufasiri kwa upande wa pili.

Walikaa karibu mchana wote. Mdogo wangu alichoka kufasiri akalala kwenye mchanga, kofia usoni, mguu wake umeegemea kikapu. Mimi niliogelea kidogo, nikatoka, nikala pichi. Nilikumbuka Camogli, nikataka kusema saa zinakwenda, nikaangalia watu wangu walivyokaa, nikaacha.

Tulipanda treni jua likiwa limeshuka. Safari hii tulipata viti vinne vinavyotazamana. Mtoto alilala mara moja, nywele zake zimejaa chumvi. Mama alikaa dirishani akijitahidi kuwa macho, lakini naye akalala, mdomo wazi kidogo. Mkaguzi wa tiketi alipokuja, mdogo wangu akamwonyesha zote nne. Akawatazama waliolala, akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa, akapita kwa hatua nyepesi.

Tulipofika Camogli tulitazamana, mimi na mdogo wangu. Milango ikafunguka, watu wakashuka, milango ikafungwa. Mdogo wangu akainua mabega, akacheka kimya kimya.

Mama aliamka karibu na Genoa. Aliuliza kama tumepita Kamoli. Nikamwambia tumeipita. Alifikiri kidogo, akasema si neno, kisha akauliza kama kuna chai iliyobaki kwenye themosi. Ilikuwapo, vuguvugu. Akanywa nusu, akanipa kikombe nimalizie.